Ninasoma Usimamizi wa Biashara, Lakini Ninachokitaka ni Milki: Nichague Masomo Gani?

SWALI

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mkazi wa Nkuhungu hapa Dodoma, na ninafanya kazi ya ofisa mikopo katika benki moja mjini. Mwaka jana nilijiunga na masomo ya jioni ya shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara katika chuo kimoja cha hapa hapa, na sasa ninakaribia kumaliza muhula wa pili. Masomo ya lazima ya uhasibu, uchumi, fedha, masoko na takwimu yamekwenda vizuri kwa kiasi chake. Muhula ujao tunatakiwa kuchagua masomo manne ya hiari na kuwasilisha wazo la tasnifu, na fomu inapaswa kumfikia mratibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

Shida yangu ni kwamba nilijiunga na masomo haya kwa sababu ya milki, yaani biashara ya ardhi na majengo, na milki haimo. Tangu ofisi za serikali zilipoanza kuhamia huku, sehemu kubwa ya mafaili yanayopita mezani kwangu yanahusu viwanja, nyumba za kupangisha na hosteli, kuanzia Iyumbu na Nzuguni hadi Nala na Ihumwa. Nawaona wateja wanaofanikiwa na nawaona wanaozama, lakini mara nyingi sijui kueleza kwa hesabu tofauti yao iko wapi. Lengo langu ni kwamba ndani ya miaka mitano ama nisimamie kitengo cha mikopo ya nyumba katika benki, ama nihamie katika kampuni inayojenga na kuuza nyumba. Chuo chetu kina michepuo ya fedha, masoko na rasilimali watu pekee. Nilipomuuliza mratibu alinijibu kwamba hakuna aliyewahi kuomba jambo hilo, na kwamba nichague masoko kwa kuwa nyumba nazo huuzwa.

Binamu yangu anayesoma shahada kama hii huko Chicago amenitumia orodha ya masomo ya milki wanayochagua wenzake: fedha za milki, uwekezaji katika milki, uendelezaji, dhamana zinazotokana na mikopo ya nyumba (yaani hati za uwekezaji zinazolipwa kwa marejesho ya mikopo hiyo), na sheria. Nilipoisoma nilijiona kama ninapoteza muda na ada. Mwenzangu wa ofisini ananiambia niache, nikaanze upya Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kwa sababu mwajiri akitafuta mtu wa milki hatamtazama mwenye cheti cha biashara. Mwingine ananishauri niwe mthamini, kwani wathamini ndio tunaowalipa kila siku.

Mume wangu ananiunga mkono, lakini ada niliyokwisha kulipa ilitoka katika akiba tuliyoiweka kwa ajili ya kumalizia nyumba yetu, na tuna watoto wawili wanaosoma. Siwezi kufanya uamuzi wa kubahatisha. Je, niache au niendelee? Nikiendelea, nichague masomo gani manne, na tasnifu niiandike juu ya nini ili shahada hii inifikishe ninakotaka kwenda?

Ofisa Mikopo, Nkuhungu

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Usiache, na usichague masoko. Chukua somo la uwekezaji, somo la usimamizi wa miradi, somo la sheria lenye uhusiano wa karibu zaidi na ardhi utakaloruhusiwa kulisoma, na somo la usimamizi wa mikopo na hatari za kibenki. Kisha uitumie tasnifu kuwa somo lako la tano, ambalo kwa hali yako ndilo kubwa kuliko yote. Hayo ndiyo maoni yangu, na sehemu iliyobaki ya barua hii ni sababu zake, kwa kuwa fomu ukiijaza kwa sababu tu mtu fulani amekuambia, mratibu akikuhoji utashindwa kuitetea.

Niliondoe kwanza jambo la uthamini, kwa kuwa linachanganya mengine. Uthamini ni taaluma iliyowekewa uzio wa kisheria. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 imeweka bodi ya usajili, na ripoti ya uthamini ambayo benki yako inaitegemea lazima itoke kwa mtu aliyesajiliwa, ambaye kwa kawaida ameanza na shahada ya kwanza ya usimamizi wa ardhi na uthamini kama ile inayofundishwa Ardhi, kisha akafanya kazi chini ya usimamizi. Shahada ya uzamili ya biashara haikuingizi humo hata ukisoma masomo kumi ya fedha. Katika malengo uliyoyataja hakuna hata moja linalodai uwe mthamini. Yanadai uwe mtu wa kuisoma ripoti ya mthamini na kuihoji: ametumia mauzo gani ya kulinganisha, kwa nini ametumia gharama ya ujenzi badala ya mapato ya kodi ya pango, na pengo kati ya thamani ya soko na thamani ya kuuza kwa haraka limetoka wapi. Maswali hayo ni ya mkopeshaji na ya mwekezaji, na yanajengwa na masomo ya fedha.

Sasa niiangalie orodha ya binamu yako, kwa kuwa nadhani ndiyo iliyokuumiza zaidi. Ni orodha nzuri kwa mahali ilikotungwa. Nchini Marekani mtu wa kawaida anaweza kukopa nyumba kwa miaka 30 kwa riba isiyobadilika, mkopo huo ukauzwa katika soko la mitaji, na makampuni ya uwekezaji wa milki ambayo Bunge la huko liliyaruhusu kisheria mwaka 1960 yakauza hisa zake kwa yeyote mwenye akiba. Bei za mauzo zimeandikwa na zinapatikana. Somo la dhamana zinazotokana na mikopo ya nyumba lina maana katika nchi yenye wingi wa mikopo hiyo. Kwetu kampuni ya kuzipa benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo ya nyumba, TMRC, ilianzishwa mwaka 2010, na bado familia nyingi za mji huu zinajenga kwa fedha ya mkononi: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, bati pale mafao au mavuno yanapopatikana. Bei ya kiwanja unaielezwa na dalali, na dalali wa pili atakuambia nyingine. Ukilichukua somo lile kama lilivyo utafaulu mtihani wa nchi nyingine.

Nikupe hesabu ili uone kwa nini ninalisisitiza somo la uwekezaji. Tuchukue mfano wa kubuni wa mteja anayetaka kujenga nyumba sita za kupangisha katika kiwanja kimoja, kwa gharama ya shilingi milioni 240 ikiwa ni pamoja na kiwanja chenyewe, naye anatarajia kodi ya shilingi 350,000 kwa mwezi kwa kila nyumba. Kwa mwaka ni shilingi milioni 25.2. Toa sehemu moja ya kumi kwa ajili ya miezi ambayo nyumba zitakaa tupu na wapangaji watakaoondoka bila kulipa, zibaki milioni 22.68. Toa moja ya tano ya hizo kwa matengenezo, ulinzi, maji, usimamizi na kodi ya majengo, zibaki milioni 18.144. Ukigawanya kwa gharama unapata asilimia 7.56 kwa mwaka, kabla ya kodi ya mapato.

Sasa mpe mkopo wa nusu ya gharama, yaani milioni 120, kwa riba ya asilimia 15. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake inakaribia milioni 18. Mapato yote halisi ya nyumba sita yamemezwa na riba ya nusu ya mradi, mwenye mali amebakiwa na shilingi 144,000, na hajarejesha hata shilingi moja ya mtaji. Vitabu vingi vya fedha za milki vinavyotoka ng'ambo hufundisha kwamba mkopo huongeza faida ya mwekezaji, navyo viko sahihi pale ambapo riba iko chini ya mapato ya jengo. Pale riba inapokuwa juu, mkopo ule ule humpunguzia faida hadi kumfilisi. Wewe unazijua riba mnazotoza kuliko mimi, basi ziweke hapo badala ya 15 uone kinachotokea. Ninashuku kwamba tofauti kati ya wateja wako wanaofanikiwa na wanaozama iko hapa kwa kiasi kikubwa: waliofanikiwa walinunua kiwanja kabla ya barabara na maji kufika, wakajenga kwa fedha yao, wakakopa kidogo mwishoni kwa ajili ya kumalizia, na faida yao kubwa imetokana na kupanda kwa bei ya ardhi kuliko kodi za wapangaji.

Somo la uwekezaji halitakutajia Iyumbu wala Nzuguni. Litazungumzia hisa na hatifungani. Lakini thamani ya fedha kwa wakati (kwa nini shilingi ya leo si sawa na ya mwakani), ulinganisho wa mapato ya jengo na yale ya hatifungani za serikali za muda mrefu, ambazo mnunuzi wake hahitaji mlinzi wala fundi bomba, na namna ya kupima mradi kwa kubadilisha dhana moja moja, yote yamo humo. Muulize mwalimu mapema kama atakuruhusu zoezi kuu la somo ulifanye juu ya jengo. Walimu wengi hukubali, kwani wamechoka kusahihisha kazi zilizonakiliwa kuhusu kampuni zile zile za bia na simu.

Na hilo ndilo ninalotaka ulifanye katika masomo yote manne, hata katika machache ya lazima yaliyobaki. Katika usimamizi wa miradi andika ratiba na bajeti ya ujenzi halisi, ukae na mkadiriaji majenzi akueleze kwa nini makadirio ya awali huzidiwa, na mkandarasi akueleze malipo ya awamu yanavyochelewa. Katika usimamizi wa mikopo andika juu ya mkopo wa ujenzi unaotolewa kwa hatua, na ushahidi ambao benki inapaswa kuudai kabla ya kuachia kila hatua. Somo la rasilimali watu, likikukuta, lipite salama tu.

Sheria ndiyo itakayokusumbua kuipata, na ndiyo nisiyotaka uiache. Binamu yako anajifunza milki katika nchi ambayo mtu binafsi anaweza kuimiliki ardhi moja kwa moja. Hapa ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi, na anachokuwa nacho mteja wako ni haki ya kuitumia, kwa kawaida kwa kipindi cha miaka 33, 66 au 99 na kwa masharti yaliyoandikwa katika hati. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ndizo zinazogawa ulimwengu wako wa kazi: kiwanja cha eneo la Kisasa hapa mjini na shamba la kijijini pembezoni mwa mji haviwezi kuwekwa rehani kwa utaratibu mmoja, na mji unapopanuka kuelekea vijijini, mpaka kati ya sheria hizo mbili ndipo migogoro inapozaliwa. Ongeza hapo ridhaa ya mwenzi wa ndoa pale nyumba ya familia inapowekwa dhamana, ambayo bila shaka umewahi kuona ikikwamisha faili. Ongeza na sheria ya mwaka 2008 inayomwezesha mtu kumiliki fleti moja ndani ya jengo la wengi, ambayo kampuni inayojenga na kuuza ghorofa haiwezi kufanya biashara bila kuielewa.

Dodoma ina historia yake ya pekee katika hili. Baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu huku, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wazee wa mji bado wanaiita CDA, ilisimamia ardhi ya mji na kutoa hati za upangaji za miaka 33. Mwaka 2017 Rais Magufuli aliivunja, majukumu yake yakahamia kwa halmashauri, na ikaagizwa hati hizo zibadilishwe ziwe za miaka 99. Kwa mtu wa fedha, badiliko la miaka 33 kuwa 99 linagusa thamani ya dhamana, muda wa mkopo unaoweza kutolewa, na bei ambayo mnunuzi wa pili yuko tayari kulipa. Ninajua wapo wanaoliona jambo hili kuwa la wanasheria. Mimi naliona kuwa nusu ya somo la milki katika mji huu.

Ikiwa chuo chako kinafundisha sheria ya biashara pekee, omba kwa maandishi uruhusiwe kusoma somo moja la sheria ya ardhi au mipango ya matumizi ya ardhi katika idara nyingine, au katika chuo kingine cha hapa mjini, na krediti zake zihesabiwe kwenye shahada yako. Dodoma ina Chuo Kikuu cha Dodoma, ina Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, na ina vyuo vingine ambavyo mratibu wako anavifahamu. Barua yako iambatane na muhtasari wa somo na idadi ya krediti, kwa kuwa hoja itakayoamua ni kama uzito wa masomo hayo mawili unalingana. Kuvuka mipaka ya idara si jambo la kuonea haya. MIT, huko Marekani, ilipoanzisha kituo chake cha milki mwaka 1983 hawakukiweka katika shule ya biashara. Kiko upande wa usanifu majengo na mipango. Wakikukatalia, chukua sheria ya biashara, na sheria za ardhi uzisome mwenyewe, ukianza na vifungu vinavyohusu rehani, ambavyo kazi yako itakufafanulia kila siku.

Kuhusu mpangilio wa muda: kwa hesabu zinazotumiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ikiwa ni pamoja na kujisomea na mazoezi. Somo la krediti 12 ni saa 120. Masomo manne ya namna hiyo ndani ya muhula mmoja ni saa 480, nawe unatoka kazini jioni na una watoto wawili. Kama kanuni za chuo zinaruhusu masomo ya hiari yagawanywe katika mihula miwili, anza na uwekezaji pamoja na sheria, kwa sababu tasnifu itayahitaji yote mawili, kisha miradi na mikopo yafuate wakati unakusanya data. Kama haziruhusu, basi wazo la tasnifu litoke katika mazoezi ya masomo hayo hayo, ili usiwe na kazi tano zisizojuana.

Nimefika kwenye tasnifu. Hapa una mali ambayo wenzako hawana, nayo ni meza yako ya kazi. Mada ninayoipenda kuliko zote kwa mtu wa nafasi yako ni hii: mikopo ya kujenga nyumba za kupangisha inachelewa kulipwa kwa sababu zipi, na je, dalili zake zilionekana tangu siku ya maombi? Unaweza kulinganisha uwiano wa mkopo na gharama ya mradi, umbali wa kiwanja kutoka barabara ya lami na bomba la maji, aina ya hati, na kama mkopaji alikuwa na kipato kingine nje ya kodi. Lakini mafaili ya wateja si mali yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu, na kanuni za usiri za benki zilikuhusu hata kabla yake. Omba kibali cha maandishi kwa mwajiri, ukubali kupewa takwimu zilizoondolewa majina na namba za viwanja, na usipopewa kibali usichukue hata karatasi moja. Usijaribu kuzunguka jambo hili kwa kuwa unamfahamu mtu wa kumbukumbu.

Benki ikikataa, geukia wapangaji. Mahitaji ya nyumba za kupanga Dodoma yana sifa ambayo miji mingi haina: yanategemea mno mwajiri mmoja, ambaye ni serikali. Tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba serikali yote inahamia huku, na wizara kujengewa ofisi Mtumba, wamiliki wamejenga wakiamini kwamba watumishi hawataisha. Kwenye nyumba za kulala wageni na nyumba zenye samani, Bunge la bajeti la Aprili hadi Juni hubadilisha bei, kisha wabunge huondoka. Karibu na vyuo kalenda ni ya wanafunzi. Utafiti unaolinganisha kodi na miezi ya kukaa tupu kati ya maeneo matatu, kwa mfano Area D, Iyumbu na eneo moja jirani na Mtumba, unaweza kufanywa kwa dodoso na kwa miguu, bila faili hata moja la benki. Weka na swali la maji. Mji wetu ni wa nusu ukame na kwa miaka mingi umeyategemea sana maji ya visima vya Mzakwe, hivyo mwenye tangi kubwa na mwenye kununua maji ya boza hawana gharama sawa, jambo ambalo sijaona wajenzi wengi wakiliweka kwenye mahesabu yao.

Msimamizi wa tasnifu mtafute katika fedha, hata kama hajawahi kusimamia kazi ya milki, mradi anazijua takwimu. Kisha mwombe mthamini mmojawapo mnayefanya naye kazi akusomee rasimu ya dodoso. Nusu saa yake itakuokoa na maswali ambayo wapangaji hawawezi kuyajibu.

Je, kuna hali ambayo ningekushauri uhamie Ardhi? Ipo. Kama ungekuwa na miaka 22, au kama lengo lako lingekuwa kusimamia ardhi, kupima thamani na kutia saini ripoti, ningekuambia uende leo. Kwa lengo ulilolitaja ungekwenda kulipa ada upya ili ufundishwe mambo ambayo nusu yake unayaishi kazini, na familia ingebaki Nkuhungu. Treni ya umeme ya kwenda Dar es Salaam iliyoanza mwaka 2024 imeifanya safari kuwa fupi, lakini haimwezeshi mfanyakazi kuhudhuria darasa la jioni la Jumanne. Inaweza kukufaa kwa mafunzo mafupi ya siku chache yanapotangazwa, na hayo ningeyatengea fedha baada ya kuhitimu, kwa sharti kwamba hazitoki kwenye nyumba yenu. Mafunzo ya ng'ambo kwa njia ya intaneti yaache kwa sasa. Ukiyahitaji baadaye utakuwa umeshajua ni kipi hasa unachokikosa.

Kuhusu mwajiri atakayekitazama cheti na asilione neno milki, ninadhani mwenzako wa ofisini ana haki kwa sehemu. Cheti peke yake hakitakuombea. Utakapoomba kazi, weka pamoja na wasifu wako tathmini tatu fupi za miradi ambazo zitakuwa zimetokana na mazoezi ya masomo: jengo la kupangisha, kiwanja kinachosubiri kuendelezwa, na mradi mmoja ulioonyesha kwa hesabu kwamba haufai. Huo wa tatu usiuache. Anayeendesha kampuni ya kujenga nyumba amezungukwa na watu wanaomwambia kila mradi ni mzuri, na huyo wa kumwambia hapana kwa takwimu ndiye anayemtafuta. Uwe na kielelezo chako cha hesabu kwenye lahajedwali ulichokitengeneza mwenyewe, ili mtu akibadilisha riba au kodi mbele yako uweze kumweleza namba zimehama kwa nini.

Kuhusu fomu, basi, wiki hii mwone mwalimu wa uwekezaji na mwalimu mmoja wa fedha anayeweza kukusimamia, uwape ukurasa mmoja wenye wazo la tasnifu na majina ya masomo manne. Wiki inayofuata peleka barua ya kuomba somo la sheria la nje ya idara, nakala yake ukiwa nayo mkononi yenye muhuri wa kupokelewa, na siku hiyo hiyo peleka ombi la data kwa mwajiri wako, kwa kuwa majibu ya benki huchukua muda mrefu kuliko ya vyuo. Fomu ijazwe mchepuo wa fedha. Mratibu akirudia kwamba hakuna aliyewahi kuomba milki, mwombe akuandike kuwa wa kwanza, na uwaulize wenzako wa darasa ni wangapi wanajenga. Kwa Dodoma ya sasa huenda akashangaa orodha ilivyo ndefu, na chuo kinaweza kufungua somo la hiari idadi ya waombaji ikitosha.